Diski Isiyofungwa

Kitindamimba wetu,

Hatujambo, na bati la jikoni halivuji tena. Umesema diski mbili nilizokutumia ni tupu. Tupu vipi? Nakala zake nilizobaki nazo hapa zinafunguka, na picha zote za nyumbani zimo, mia nne na kumi! Nilijua tu mashine yako ndiyo mbovu. Nilipompelekea fundi wa kompyuta nakala hizo, akacheka mpaka akakohoa. "Dada, umechoma vizuri, ila hukuzifunga. Diski isiyofungwa inasomeka kwenye kompyuta yako tu."

Kumbe! Kila nikichoma, kompyuta huniuliza kama nataka kuifunga diski, na huonya kwamba nikishaifunga siwezi kuongeza kitu. Nami hubonyeza hapana. Nilikuwa nakuwekea nafasi ya picha moja, wewe na baba mmekaa barazani. Mwaka wa sita huu unaniambia utakuja mwakani, nami mbishi naendelea kukuwekea.

Jumapili nilimwonyesha baba picha ya harusi yako. Akaitazama sana, kisha akaweka kidole juu ya uso wako, akauliza, "Huyu ndiye yule fundi wa bati?"

Nikasema, "Ndiyo, baba, ndiye fundi."

"Ana uso mzuri," akasema. "Mbona hujampa kiti?"

Basi nikachoma diski ya tatu, na kompyuta iliponiuliza, nikabonyeza ndiyo. Ndiyo hii iliyomo ndani ya bahasha. Itafunguka.

Ni mimi dada yako, ambaye siku nyingi baba bado anamtambua.