Gonga Mara Mbili, Tumerudi Nyuma

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Sikuulizi hali, maana jibu lolote litaniudhi.

Nakuandikia kutoka kwenye banda letu la video hapa Tunduma, saa nane mchana. Madereva wa malori wamekwama kwenye foleni ya mpaka na wanataka filamu. Kipaza sauti ni kilekile. Kiti chako nimekitoa nje.

Unakumbuka zile filamu za mapenzi zenye fumbo zilivyotutesa? Mke anazikwa mwanzoni, nusu saa baadaye yuko jikoni anacheka, na madereva wanalalamika kwamba deki imeharibika. Ndipo ukabuni njia yako tulipokuwa tunarekodi tafsiri: kizibo cha soda juu ya meza. Ukigonga mara mbili, tumerudi nyuma. Ukigonga mara moja, tuko sasa. Ulisema sauti za wanaume, na za wanawake ulininong'oneza kwa Kiswahili nikazisema mimi, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu. Wanawake wote wa filamu zile walisema ulichotaka waseme.

"Filamu ikirudi nyuma," uliniambia, "inakuonyesha ilichokuficha. Kaa macho tu." Mshenzi wewe. Ulinifundisha kukaa macho huku umenifunga kitambaa.

Ulipokwenda Mbeya kutafuta filamu mpya, niliwawekea madereva ile ya mchumba anayeikuta picha ya mwanamke kwenye koti. Kwenye rekodi ukagonga mara mbili, tukamwona yule mwanamume kituo cha treni amemkumbatia huyo mwanamke, na sauti yako ikasema, "Huyu ni dada yangu." Dereva mmoja wa Zambia, aliyekaa karibu na spika, akatikisa kichwa.

"Awe, mama," alisema, yaani hapana. "Chini ya sauti ya huyu bwana kuna Kiingereza. Amesema mke wangu."

Nilirudisha pale mara tatu. Ulikosea? Wewe hukosei. Siku tunarekodi nilikuwa nimekaa ubavuni pako, na uliogopa nisije nikafikiri.

Basi nikafikiri. Nikarudi nyuma mwenyewe, hadi Jumapili uliyonivusha mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kumsalimia dada yako. Alitupikia nshima, ugali wa kwao, na samaki. Yeye alijua Kibemba, mimi Kiswahili, nawe ukakaa katikati yetu ukitutafsiria. Nilimwita wifi. Nilimpa kahawa ya shambani kwa baba, Mbozi, tuliyoikaanga na mama kwa ajili yake. Alisema maneno marefu akinishika mkono, nawe ukaniambia, "Anasema karibu kwenye ukoo." Tulicheka wote watatu.

Siku ileile ya dereva nilivuka na jirani yangu muuza vitenge, anayejua Kibemba. Yule mama alitueleza bila kinyongo. Ulikuwa umemwambia kwamba mimi ni mfanyakazi wako. Na maneno yale marefu, kumbe alikuwa ananishukuru kwa kumtunzia mume wake akiwa kazini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako iliishia mlangoni kwake, ng'ambo tu ya mpaka.

Nyumbani kanisani matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yameshasomwa Jumapili mbili. Mchungaji aliuliza mwenye pingamizi, kanisa likanyamaza, kwa sababu mwenye pingamizi alikuwa Nakonde anakuandalia chakula. Jumapili ya tatu baba alisimama mbele ya watu akaomba yafutwe. Mzee aliyezoea kusimama kanisani kutoa shukrani ya mavuno. Hilo sikusamehe, na usitume mtu.

Wewe ulizima simu. Mimi nililia mwezi mzima, kisha nikachoka kulia. Hasira yangu haijachoka. Inanichoma zaidi kwamba hata leo, katika filamu zote za banda hili, ukikohoa nakijua kikohozi chako.

Kwa hiyo nimeanza kuzirekodi upya, nikisaidiwa Kiingereza na yule dereva kila foleni inapomleta. Leo nimewawekea ile ya kituo cha treni. Nimegonga mara mbili, na yule mwanamume amesema kwa sauti yangu, "Huyu ni mke wangu." Halafu mzee mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe. Sasa inaeleweka."

Kizibo chako ninacho mkononi. Nagonga mara moja.

Aliyekuwa mchumba wako