Gia Boksi ya Lowarengak

Baba,

Ejok, nakusalimu. Najua huwezi kunijibu. Basi leo, kwa mara ya kwanza, nitazungumzia gari lako mpaka mwisho bila wewe kunikatiza.

Nakiru ameolewa. Nimeanza na hilo usije ukahangaika. Lakini mdogo wangu alikuwa karibu kukosa harusi yake, na makosa ni yako.

Tulitoka Lodwar Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi: mimi kwenye usukani, Mama kando yangu, bi harusi nyuma juu ya godoro lake jipya, akilinda sufuria. Alikuwa amekataa gari la kukodi. "Nitaingia kanisani na gari la Baba, ama nirudi nyumbani." Hatujafika Kakuma, pikapu likaanza kunguruma bila kwenda. Nakanyaga mafuta, injini inalia, magurudumu hayana habari. Mama akaziba pua. "Nani anachoma kwato?"

Klachi, Baba. Imeisha mpaka chuma. Lori la mchanga likatuvuta hadi mjini Kakuma, Nakiru amejifunika godoro kwa aibu.

Mama akatangaza: "Jumamosi ikifika na hii kitu bado imelala, Jumatatu nauzia watu wa vyuma chakavu."

Nikakimbia kwa Abdi, yule mzee Msomali wa spea uliyekuwa ukinywa chai dukani kwake. Akaniuliza habari zako. Nilipomwambia, akainua viganja, akakuombea rehema, akapangusa macho. Kisha akasema, "Haya, lete kitabu cha gari." Akanipa seti ilivyoandikwa kitabuni: klachi plate, presha plate na beringi. Sikuwa na wasiwasi. Si ulimwambia kila mtu Turkana kwamba gari lako halijawahi kuguswa, kila kitu ni cha kiwandani?

Fundi Mukendi, Mkongo mmoja mpole, akalala chini ya gari. Presha plate ikakaa kwenye injini vizuri. Lakini plate ikakataa kabisa kuingia kwenye shafti ya gia boksi. Tundu lake dogo, shafti nene. Mukendi akatoka na oili usoni.

"Dada, hii motokari iko na baba ngapi?"

"Mmoja."

"Hapana. Injini iko na yake, gia boksi iko na yake."

Akapangusa tope kwenye boksi. Herufi zikajitokeza, zimechongwa kwa patasi: EKAL. LOWARENGAK. Jina lako na mwandiko wako, Baba, ule ule ulio kwenye jembe letu, kwenye vikombe, na kwenye ile benchi ya kanisa uliyoambiwa ukaifute.

Mama akaja kusoma. Mimi nikaogopa. Unajua Lowarengak, kule ziwani, ni jina gani nyumbani kwetu. Siku kumi ulipotelea huko nikiwa darasa la sita, ukarudi na gunia la samaki wakavu na hadithi ya laga, ule mto mkavu, iliyofurika, na haukuwa wakati wa mvua. Tangu siku hiyo Mama amemtukana Napeyok, yule muuza samaki wa huko, kwa kila mwenye masikio. Nawe ukanyamaza! Ulikubali kuitwa mzinzi miaka yote hiyo kuliko kukiri kwamba gia boksi ilivunjika.

Mama akaketi juu ya tairi, akacheka. Hajacheka tangu tukuzike. Alicheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi tu, nami nikajiunga naye. Mukendi alisimama na spana mkononi, hajui kama aendelee na kazi au aombe dua.

Nikafunga plate ya zamani kwenye leso ya Mama, nikarudi kwa Abdi. Akashusha tatu. Ya kwanza ilikuwa na meno ya tundu sawa lakini yenyewe pana mno. Ya pili kipimo sawa, ila imetumika, springi zinacheza. Ya tatu ilikuwa ya lori dogo. Tukahesabu meno mara mbili, tukapima upana kwa uzi. Ndiyo yenyewe. "Na funga beringi mpya," akasema. "Ukirudisha ya zamani, utafungua tena kabla bi harusi hajazaa." Nikachukua na krosi ya propela, kile kiungo cha mhimili wa nyuma, maana ile ya zamani ilikuwa inagonga. Wewe ungesema itafika Krismasi.

Jumamosi asubuhi gari liliondoka taratibu, halikushtuka hata kidogo. Kanisani, Nakiru aliposhuka, alizunguka mbele kwanza, akaweka kiganja kwenye boneti, akanong'ona kitu. Sikuuliza. Hayo ni yenu wawili.

Sasa Mama anataka nimpeleke Lowarengak, na sukari na tumbaku, akamwombe Napeyok msamaha. Anafanya mazoezi ya maneno jikoni. Yalianza marefu, leo yamebaki "Dada, tulikukosea." Hiyo "tu" ni pamoja na wewe. Nakuahidi nitamfikisha, na nitasimama nyuma yake asigeuze njia. Na sitapumzisha mguu kwenye klachi ulivyokuwa ukifanya.

Lala salama, Baba. Mama amenituma nikwambie bado amekukasirikia. Amenituma mara tatu tangu nianze kuandika, na kila mara sauti imekuwa laini zaidi.

Binti yako,
Rebeka