Sasa Mnaweza Kumwimbia Martina

Oloipiri, Loliondo

Mama yangu mpendwa, Aayo,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini magoti yamepoa na yule ng'ombe wako mweusi ameshazaa. Sisi huku miili ni mizima. Elizabeti mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali hata ukiona pagumu.

Aayo, najua umeshaambiwa kwamba tulionekana Karatu juu ya lori na Buger kwako hatukufika. Ni kweli. Tulikuwa tunatoka hospitali Arusha, na dereva alisimama kuongeza maji tu. Lakini hata angelala pale, sidhani kama ningeshuka. Nilikosa uso wa kukuletea habari ile.

Nianze na mazuri. Mume wangu bado ndiye bwana mifugo wa huku, na hakuna anayeogesha ng'ombe kwenye josho mpaka amwone yeye amesimama pale. Na mjukuu wako Martina, sisemi kwa kuwa ni wangu, mtoto mzuri kama yule hujamwona. Amerefuka, ana shingo yako. Anatunga shanga! Jirani yangu Mama Naserian, Mmaasai aliyezaliwa na shanga mkononi, aliuchukua mkufu wa Martina, akaugeuza, akaugeuza tena, akaniambia, "Huyu umemwiba kwetu. Hakuna Mwiraqw wa hivi." Nikamjibu, "Kama ni wa kwenu, mbona zako zinapinda?" Alicheka mpaka akakaa chini. Shanga moja ikikaa sivyo, Martina anafumua zote na kuanza upya.

Ila neno hana. Meno ya utoto yameanza kung'oka na bado hajaniita mama.

Unakumbuka alivyosifiwa. Hata wewe ulisema, "Mtoto wa kike asiye na kelele, huyu atatunza nyumba." Nami nilijivuna kanisani, nikiwatazama wenye watoto wa kulialia. Akiitwa asigeuke, tukasema ana aibu. Baadaye ukimya ulipozidi, tukampeleka kwa mganga wa zahanati. Akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, Martina hakugeuka. Lakini mfuniko wa kopo la sukari anausikia akiwa zizini, nikamwambia hivyo. Akafikiri, akasema, "Basi mnamchanganya, mama. Nyumbani Kiiraqw, nje Kimaasai, na shuleni atakuta Kiswahili. Kichwa cha mtoto ni kidogo. Shikeni Kiswahili tu."

Tuliona amesema kisomi. Nikaacha nyimbo zako zote, hata ule wa kumlaza ambao mwisho wake alikuwa anaumalizia yeye kwa kuguna, mdomo umefungwa. Tulipokuja Buger nikakukataza na wewe, na Kiswahili chako Aayo ni cha kununulia chumvi. Mkakaa jikoni, wewe unapepeta, yeye anapanga punje za mahindi. Ukaniuliza, "Sasa nimwangalie tu?" Nikasema ndiyo, mwangalie tu.

Safari hii Arusha tulimpata daktari aliyesomea ng'ambo. Alikaa naye chini sakafuni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Kisha akaniambia, "Mama, huyu anasikia. Alizaliwa hivi, na ugonjwa huu una jina." Akalitaja kwa Kizungu. Nimejaribu kulitamka njia nzima, halikai mdomoni.

Nikamuuliza, "Na lugha zetu tatu?"

"Lugha hazina kosa. Mngeendelea kumwimbia."

"Basi mpeni dawa."

"Dawa hakuna. Huko nilikosoma wanawafundisha tangu wadogo kabisa. Hapa kwetu mwalimu wa hivyo simjui."

"Ataongea?"

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Nikamwonyesha mkufu wa shanga ili ajue huyu si mtoto wa hivi hivi. Akasema mzuri sana, akanirudishia, akamwita mgonjwa mwingine.

Tulipopanda ukingo wa Ngorongoro ukungu ulitufunika, baridi ya kukata masikio, nikamfunika kwa khanga yangu na kumwimbia ule wimbo kwa Kiiraqw chetu, mbele za watu. Aliziba masikio kwa mikono. Niliimba hivyo hivyo mpaka pale penye mguno wake, nikanyamaza nimsubiri. Abiria mmoja akakohoa. Basi.

Mwalimu mkuu wa hapa anasema aletwe shule akianza kuongea. Baba yake anaondoka kwenda josho jua halijachomoza. Lori likipatikana nitamleta kwako akae. Msemeshe Kiiraqw mchana kutwa, mwimbie. Sikudanganyi kwamba ataitika. Daktari hakusema ataitika, nami nimechoka kungoja. Lakini usimwangalie tu.

Nisalimie kaka Petro na mashamba yake, shangazi na vyungu vyake, na padri aliyembatiza Martina akasema hajaona mtoto mtulivu kama yule. Usimweleze mengi. Elizabeti, umesoma vizuri, mfute mama machozi.

Ni mimi binti yako Theresia, ambaye huku kila mtu ananiita Mama Martina, isipokuwa Martina.