Kijani Kwenye Kidonda

Jumatatu, 3 Machi
Maabara, Kawangware. Nimeosha sahani, nimepanda bakteria, nimeweka juu vipande vya karatasi vilivyoloweshwa maji ya majani ya dawa ya Mama. Kazi ya kila siku. Ila bakteria hawa nimewatoa kwenye mguu wa ndugu yangu Otieno. Alikanyaga msumari akifanya kazi kwa mjengo, mtaa wa Soweto East. Dawa za zahanati zimeshindwa.

Jumanne, 4 Machi
Siamini macho yangu. Kila karatasi imezungukwa na duara safi, hakuna kilichoota ndani yake. Majani yanaua! Nimempigia Mama hapo hapo. Amecheka: "Si nilikuambia, nyathina, mwanangu?" Atampaka Otieno asubuhi na jioni. Nina furaha ya kitoto.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepita nyumbani, mtaa wa Raila. Chumba kinanukia utamu, kama zabibu zilizoiva kupita kiasi. Hatujanunua zabibu. Otieno anasema mguu hauumi tena. Sijapenda.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeazima taa ya zambarau ambayo wakala wa pesa hukagulia noti bandia. Kuna bakteria wanaonukia zabibu, na chini ya taa hii huwaka kijani. Chumba hakina dirisha. Ukifunga mlango, mchana ni giza. Shuka limewaka buluu. Hiyo ni sabuni tu. Kidonda kimewaka kijani. Halafu beseni ambalo Mama hulowekea majani. Halafu kucha za Mama, viganja vikiwa vimeshikana, akiomba.

"Zima hiyo kitu, sista," Otieno amesema.

Mama huchuma majani kando ya mtaro wa maji machafu, nyuma ya vyoo. Huyaponda mabichi na kuyalaza kwenye beseni. Hachemshi, eti moto unaua nguvu. Kule kwao ziwani ndivyo walivyofanya. Mimi kule maabara niliyachuja maji yake hadi hayakubaki na kijidudu hata kimoja. Nilipima dawa ambayo Otieno hajawahi kupakwa. Mjinga mimi.

Tumembeba hadi hospitali. Kuhusu mguu, daktari hajaahidi kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Juzi nililowesha karatasi kwa maji ya beseni, bila kuchuja, nikaiweka kwenye sahani. Leo hakuna duara. Vijidudu vya kijani vimetoka kwenye karatasi yenyewe, vikatambaa hadi ukingoni. Harufu ile ile ya zabibu. Nimeogopa kufunua sahani ya pili, ya usaha wa kidonda.

Alhamisi, 20 Machi
Mguu umebaki. Wamekata vidole viwili. Otieno halaumu mtu, na hilo ndilo linaloniuma.

Mchana jirani amebisha hodi. Mtoto wake ana jipu, anaomba yale majani. Mama amenigeukia mimi, akingoja niseme. Maisha yake yote hajawahi kumuuliza mtu kuhusu dawa zake.