Sina Damu Yako, Apa

Mpendwa Apa, baba yangu,

Ejok, nakusalimu kwa lugha yetu. Jana, kwenye mkutano wa kampeni hapa Lodwar, nilitangazwa kuwa si mwanao. Hasira bado haijanitoka, ndiyo maana nakuandikia wewe uliyelala kaburini Lokori.

Mpinzani wangu wa udiwani alishika kipaza sauti akafoka, "Wazazi wangu, huyu mwalimu si mtu ya hapa! Baba yake ni askari ya Kenya. Damu haidanganyi!" Unajua tunavyosema huku: Kenya ni kule Kitale na kuendelea. Tangu vije vyama vingi, wimbo ndio huo huo kila jukwaa, kila mtu arudi kwao.

Lakini nani alificha? Mama alikuwa na mimba yangu kabla hujamtia machoni. Ulipompenda ulipeleka ngamia na mbuzi kwa babu, watu wakala wakashiba, na kwa mila yetu mtoto ni wa aliyetoa mifugo. Siku watoto wenzangu waliponicheka kisimani, nilikujia nikilia. Ulikuwa umekalia kigoda chako, ukacheka mpaka tumbaku ikakupalia. "Pua ni ya yule askari," ukasema. "Aje aichukue. Wewe unabaki." Nilikupenda siku ile, Apa, na yule askari hajaja mpaka leo.

Sasa nafundisha baiolojia Kakuma, darasa lina Waturkana na watoto waliokimbia vita Sudan. Tukifika kwenye jeni, swali halikosi: "Mwalimu, kabila iko kwa jeni gani?" Nawajibu, hakuna. Jeni itakupa pua, itakupa kundi la damu, pengine na ugonjwa. Mpaka wa wilaya haiujui. Asiyejua hilo namsamehe, namfundisha. Mpinzani wangu ana digrii, anajua vizuri kabisa, na bado anaitumia damu kugawa watu ili apate kura. Huyo simsamehe ng'o.

Basi nikaomba kipaza sauti. Nikamgeukia.

"Kaka, mzee unayeitwa kwa jina lake alizikwa lini? Si ulizaliwa yeye akiwa ameshakwenda?"

Kila mtu anajua habari ile na hakuna aliyewahi kuiona aibu: mama yake alirithiwa na mdogo wa marehemu, na watoto waliofuata ni wa marehemu. Ndivyo tulivyo.

"Kwa mila," nikaendelea, "wewe ni mwana halali wa yule mzee, na mimi ni mwana wa Apa. Kwa damu, wewe umejipa baba asiye wako, na mimi nifunge virago. Chagua moja, lakini ituhukumu sote wawili."

Akina mama walipiga vigelegele. Yeye alikichukua tena kipaza sauti, akakigonga, akasema jua limekuwa kali, mkutano uendelee.

Kura ni juma lijalo. Huenda nikashindwa, maana maneno yake ni matamu kwa mwenye njaa. Anaweza kuchukua kiti. Ukoo hachukui.

Siku nilipokwenda chuo ulitafuna tumbaku, ukanitemea utosini kunibariki, ukasema, "Nenda usome, kisha urudi kwenu." Nilirudi, Apa. Sina tone la damu yako. Nina mate yako, na kwetu sitoki.

Lala salama huko Lokori.

Binti yako,
mwenye pua ya askari