Ncha ya Gogo la Mninga

Jumatatu, 1 Julai
Nimenoa msumeno tangu baada ya Alfajiri. Tupa imeisha makali, inateleza tu kwenye meno. Hemedi, kaka wa mke wangu na mwenzangu wa msumeno mwaka wa ishirini huu, kachelewa kama kawaida yake.

Mashine ya kupasulia mbao imefika. Mnunuzi wa Nachingwea kaileta, kaishusha pale pale kambini kwetu, ndani ya msitu wa kijiji. Sisi wapasuaji wa mkono tuko kumi na sita. Mashine inataka watu watano. Msimamizi wake kasema wazi: Jumatano ya wiki ijayo atasoma majina. Wengine ahsanteni.

Vijana hawana habari. Walishakwenda kwenye machimbo ya madini ya kinywe huko Ruangwa, wanavaa kofia ngumu. Mimi nina miaka hamsini na mbili na darasa la saba. Kazi ninayoijua ni hii. Sina raha.

Jumatano, 3 Julai
Tumepasua gogo la mkongo. Mimi juu ya gogo, Hemedi shimoni, unga wa mbao unamwingia mpaka masikioni. Akaita kutoka chini: "Shemeji, wewe uko huko juu karibu na Mungu, niombee basi. Mimi huku nakula vumbi."

Nikamwambia afunge mdomo, atakula kidogo. Tukacheka mpaka msumeno ukatoka kwenye mstari.

Kumbe msimamizi kasimama nyuma. Hakucheka. Kaandika kitu kwenye kidaftari chake. Nimekiwaza kidaftari kile mchana kutwa. Hata Adhuhuri nilipotewa na hesabu ya rakaa.

Alhamisi, 4 Julai
Ee Mola, nimefanya ujinga.

Gogo la mninga lilikuwa na ufa kwenye ncha. Sisi tulivyozoea, ncha yenye ufa unaiondoa kwanza, ndipo mbao zinatoka nzima. Nikaikata mwenyewe asubuhi, Hemedi kaenda kuchota maji. Nilitaka msimamizi akipita akute gogo limependeza. Sikufuta tope. Chini ya tope kulikuwa na alama ya nyundo ya afisa misitu. Gogo lisilo na alama ile ni gogo la wizi, hapa kwetu kila mtu anajua. Nilipokigeuza kipande ndipo nikaiona, inanitazama.

Ningekipeleka kwa afisa, basi. Nikawaza yale majina matano. Nikakitia kwenye gunia la kubebea zana, nikarudi nacho nyumbani, nikakisukuma katikati ya kuni. Mama Zuhura, mke wangu, kakipikia ugali. Nimeula.

Jumamosi, 6 Julai
Afisa misitu kaja kukagua. Kalizunguka gogo mara mbili. Kazi ikasimama. Akauliza nani kaikata ncha. Hemedi hakuwepo, kampeleka mkewe kliniki Nachingwea. Mmoja wetu akasema, "Atakuwa Hemedi. Yule mambo yake haraka haraka." Wenzake wakaitikia.

Mimi nilikuwa na kikombe cha uji mkononi. Nikanywa uji.

Msimamizi kapiga mstari kwenye kidaftari. Hemedi hatakiwi tena.

Jumapili, 7 Julai
Sabasaba. Sikutoka. Nimeswali mara tano, na mara zote tano sikuwepo.

Jumatatu, 8 Julai
Hemedi kaja nyumbani. Nilidhani atakuja na hasira, atakana, atamtafuta mwongo. Afadhali ingekuwa hivyo. Kakaa kwenye mkeka, kainamisha kichwa. "Shemeji, mwaka huu nimekata ncha nyingi. Labda hata hiyo ni mimi. Sikumbuki, wallahi."

Anajitafutia kosa ambalo hakulifanya! Akaniomba nimsemee kwa msimamizi, eti mimi nasikilizwa. Mke wangu akamletea kaka yake chai. Mimi nikasema inshallah. Jina la Mungu nimelifanya pazia la kujifichia.

Najichukia. Sijui nimeandika haya ili nani anihurumie.

Jumatano, 10 Julai
Nimesema. Majina yalikuwa hayajasomwa, watu wote wamekusanyika, afisa misitu naye yupo. Sauti ilikuwa ndogo, wakaniambia nirudie. Kwa hiyo nimesema mara mbili.

Afisa hakunigombeza. Katupeleka mpaka kwenye kisiki cha mti ule ule. Alama ya nyundo iko pale, na namba yake ndiyo ile iliyoandikwa kwenye daftari la kamati ya kijiji. Akapima gogo, kilichopungua ni kipande changu tu. Gogo likawa halali tena. "Mzee, ungekuja siku ile na kipande chako mkononi, tungemaliza kabla chai haijapoa." Nimekuja nayo hiyo kauli mpaka nyumbani.

Msimamizi kanionyesha kidaftari. Jina langu lilikuwa la kwanza. Kalifuta, kaandika Hemedi.

Hemedi akanijia. "Umeniacha nijitafutie kosa siku nne, bwana. Mtu mzima na kanzu yako." Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Akaenda kufundishwa mashine.

Nyumbani Mama Zuhura kapakua chakula. Bakuli la mboga kaliweka chini kwa kishindo, mchuzi ukaruka.

Jumatatu, 15 Julai
Nimepuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Miti arobaini na kitu, nimemaliza nusu. Macho yanawasha. Mama Zuhura alinisaidia kuvuta maji, tumezungumza kidogo, habari za mbuzi.

Sisi kumi na mmoja tulioachwa tumetawanyika. Wawili wamepata kazi ya ulinzi kwenye machimbo ya kinywe. Mmoja kaenda kwa mwanawe huko Likunja. Waliobaki wako shambani kama mimi.

Ijumaa nilikaa safu moja na Hemedi msikitini, watu wawili katikati yetu. Tulipotoka hakunipa mkono. Sikumlaumu.

Mashine inasikika mpaka shambani. Leo saa tano ilinyamaza ghafla. Nikatua pampu chini, nikasimama. Labda Hemedi kaumia, labda mkanda umekatika, labda wamemfukuza. Nikasoma dua niliyoweza kusoma. Ndege tu walikuwa wanasikika.

Ikawaka tena. Nikabeba pampu, nikaendelea na mti uliofuata.