Jezi Isiyo na Doa ya Kocha Lemuel Tolliver

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ututoke ukiwa kwenye kiti chako kinachotazama mlango. Hukuwahi kuupa mlango mgongo, hata kanisani.

Hapa Montgomery mambo ni yaleyale. Ijumaa tunakaanga kambare, na hakuna anayekunywa soda iliyofunguliwa na mtu mwingine. Miaka ishirini na sita uliwafunza futiboli ya Kimarekani vijana wa chuo chetu, kisha ukawa mkurugenzi wa michezo, na bado mipira uliijaza upepo kwa mkono wako. Tulikucheka sana. Siku hizi na sisi tumekuwa hivyo hivyo.

Mwezi wa pili walikuja watu wa chuo cha kaskazini, kule ulikokuwa mchezaji mweusi wa kwanza. Bwana Prentiss alileta keki, akaanza kutabasamu hata kabla hajaketi. Mama akaitazama ile keki.

"Hii ya nini? Kuna mtu kaoa?"

"Tunajenga kabati la kioo kwa heshima ya Kocha, Bi. Tolliver. Tunaomba jezi yake moja."

"Na kwenye hilo kabati mtaandika nini?"

Akatoa karatasi. Ndugu yako Hosea akavaa miwani, akasoma: mwaka 1957 ulicheza mechi zote isipokuwa moja ya kusini, kwa sababu uliumia kifundo cha mguu.

"Kifundo kipi?" akauliza Mama. "Miaka hamsini na nane nimelala na huyo mtu, hajawahi kulalamika kifundo."

"Ndivyo kumbukumbu zetu zinavyosema, mama."

"Waliziandika walewale waliomfunga bandeji," akasema Hosea.

Ulitusimulia mara moja tu. Wenyeji wa mechi ile ya kusini walisema hawachezi na mweusi, chuo chako kikakubali kimyakimya. Wakakuvalisha jezi, daktari akakufunga bandeji kwenye mguu mzima ili wapiga picha waione, ukakaa benchi hadi filimbi ya mwisho. Inatuuma mpaka leo. Ndiyo maana ulipokuwa kocha hukumsikiliza daktari kwanza. Ulimwinamia kijana na kumuuliza, "Umeumia, au wamekuambia umeumia?"

Jezi zako nyingine zimeshonwa na kushonwa tena. Mama alitoka chumbani na moja tu, nyeupe, haina hata doa la nyasi, bandeji imeviringishwa ndani yake.

"Nitawapa hii. Bandeji inakaa nayo kabatini, na hiyo karatasi mnaiandika upya. Hamtaki, chukueni keki yenu."

Waliichukua keki.

Wiki iliyopita ikaja barua: wamekubali, tuitume jezi kwa posta. Tumeisoma mara nne, na Hosea akaiinua kwenye mwanga. Hatutumi kitu. Jumamosi tunakwenda wenyewe, jezi ikiwa mapajani mwa Mama. Atasoma kwanza kilichoandikwa kwenye kioo. Akikuta neno kifundo, tunageuza gari na kurudi na wewe nyumbani.

Unakumbukwa na mkeo Vernell, ndugu yako Hosea, wanao Alvina na Royce, wajukuu zako watano, na vijana wote uliowainamia uwanjani ukawauliza wao wenyewe.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, ukiwa mzima wa miguu yote miwili.